Pindo la Mama Mkubwa

Safari ile ilitugharimu majogoo wawili, nauli ya meli na dada mmoja wa mama. Nimehesabu mara mbili, na bado naona tulilipa kupita kiasi. Hesabu hiyo hunijia kila nifunguapo sanduku langu hapa Temeke, harufu ya udi ikapanda kutoka kwenye gauni la maua ya buluu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, masika yameshika. Mama, muuza vitumbua asiyenunua hata ndimu bila kupatana bei, aliniambia tunakwenda Unguja kwa dada yake. Majogoo ndio waliokuwa zawadi. Nilifurahi. Nilishasikia habari za mji ule, milango yake ya njumu za shaba, na wazungu wanaoshuka melini wakanunua chochote watakachooneshwa. Nilitaka kuwaona wakinunua. Ugonjwa huo wa biashara ninao tangu utotoni. Furushi langu lilikuwa na nguo zangu zote. Nikadhani ni heshima ya mji.

Tukakuta wageni wameondoka. Vichochoro vilinuka chokaa iliyolowa, maduka yamefungwa, paka wamekaa milangoni kama wenye nyumba. Maji yakidondoka kwenye mabati, mtaa mzima unayasikia. Mtembeza wageni mmoja, mzee, alikuwa amejinyoosha barazani, kofia usoni.

“Shikamoo. Wazungu wako wapi?” nikamwuliza.

“Marahaba. Wamekwenda kwao kujianika. Leo mji wote nakuachia wewe, kwa bei ya hasara.”

“Punguza kidogo, babu.”

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Mama hakucheka, na hilo lilipaswa kunishtua.

Mama Mkubwa alikuwa mjane asiye na mtoto, akidarizi kofia za kuwauzia wageni. Nyumba yake ilikuwa kubwa, na kimya chake kilitufanya tuongee kwa kunong’ona. Alinikumbatia muda mrefu kuliko nilivyozoea. Tulipokwisha kula, akaleta lile gauni lililofukizwa udi, akanivika. Lilinikaa sawasawa. Mama akainama kulitazama, akakunjua upindo kwa kidole. Kitambaa kikatoka, kikaendelea kutoka, hadi kikanigusa vifundo vya miguu.

“Dada, pindo lote hili la nini?”

“Si atakua?”

“Najua atakua.”

“Basi sitaki kila mwaka nikate jingine. Nitakuwa nalishusha kidogo kidogo.”

Mie nilifurahia wingi wa kitambaa. Mafundi wa Temeke walikuwa wakiiba hadi ncha ya uzi. Kidole cha mama kilibaki pale chini, kwenye urefu ambao sikuwa nimeufikia. Halafu akaukunja tena upindo kama ulivyokuwa, akainuka, akajifunga kanga, akachukua furushi langu.

“Tulikubaliana, mdogo wangu,” Mama Mkubwa akasema. “Wewe unao watano.”

“Najua, dada. Nisamehe. Siwezi.”

Alitufuata mvuani hadi kona ya kichochoro. Sikulivua gauni, wala hakulidai. “Nenda nalo,” aliniambia. “Nimekukatia wewe.” Hao ndugu wawili hawakuamkiana tena hadi kaburi lilipowatenganisha.

Nilikuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba nilipelekwa kutolewa. Kwetu haikuwa ajabu kumpa ndugu asiye na mtoto mmoja wa kulea. Mama alikuwa amekubali kabisa. Kukubali kwa mdomo si kazi. Lile pindo ndilo lililomwonesha miaka yangu ikishushwa kidogo kidogo na mkono wa mwingine. Mama Mkubwa angebana kitambaa kama mafundi wetu, pengine leo ningekuwa Mwunguja. Nikaelewa pia kwa nini alituita masika. Wageni wakiwepo, mlango wake ulibishwa kutwa. Wakiondoka, alikuwa akiisikia nyumba.

Gauni nililivaa hadi magoti yakawa nje, watoto wa mtaani wakiniita korongo. Nilimsihi mama alishushe. Kila mara alisema hana uzi wa rangi ile. Sanduku lake lilikuwa limejaa uzi wa buluu. Nililirithi, ndilo hili.

Sasa gauni analivaa mjukuu wangu, na mwaka huu ameanza kulalamika ni fupi. Uzi ninao, sindano ninayo. Nyie mliolea, na nyie mliolelewa watoto na wengine, nishaurini: nilishushe, au nimshonee jingine?