Bendi yetu ilivyoshindanishwa na TV ya ngumi pale Bariadi, tukashinda, na kilichotukuta baada ya ushindi

Wakuu, mwadila!

Nimesoma humu uzi wa jamaa anayelalamika kwamba vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video kwa kiingilio, ndivyo vimeua muziki wa dansi. Nimecheka peke yangu mpaka wife kauliza kuna nini. Mimi nilikuwepo kibanda umiza cha kwanza cha kule kwetu kinazaliwa, na kilizaliwa juu ya mgongo wangu. Chumvi siongezi, hadithi yenyewe inayo ya kutosha.

Tuseme miaka ya tisini. Simiyu bado haijawa mkoa, sisi wa Bariadi tunahesabiwa Shinyanga. TV ndiyo kwanza zimeruhusiwa, na kila mtu mjini anatamka "soko huria" kana kwamba amelisomea.

Nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba. Kiwanda kilikuwa cha ushirika, na ushirika ulikuwa na bendi. Vijana msishangae. Zamani shirika lolote lililojiheshimu lilikuwa na bendi na timu ya mpira, hata kama chooni hakuna maji.

Kwenye barua yangu ya ajira niliandikwa karani wa mizani. Mizani yenyewe nilikuwa naipita tu nikienda mazoezini. Kazi yangu halisi ilikuwa gitaa la rhythm.

Kiongozi wetu alikuwa Masunga, mwimbaji, mtu wa Lalago. Kabla ya kuja kwenye magitaa alikuwa mcheza ngoma, na ngoma haikumtoka kichwani. Hilo lishikeni, litatufaa mbele.

Sasa ushirika ukafa. Akaja mtu kutoka Dar akanunua kiwanda. Jina silitaji, mji mzima tulimwita Mwekezaji. Sisi bendi tulikuwa na wimbo wa kuusifu ushirika, tukatoa neno ushirika tukaweka mwekezaji. Silabi zilikuwa nne kwa nne, wala hatukuhangaika na mdundo.

Haikusaidia. Alipozunguka kukagua mali yake alikuta mashine, magunia, matairi mabovu, halafu akatukuta sisi tuko mazoezini.

"Na hawa wanachambua nini?" akauliza.

Tukaendelea kupiga.

Wiki ile ile akafunga dishi kubwa na TV uwanja wa kiwanda, umeme wa jenereta. Akatuita. Jumapili kuna ngumi za uzito wa juu live kutoka Marekani. Kwao huko Jumamosi usiku, kwetu Jumapili asubuhi. TV itakaa upande huu wa uwanja, bendi upande ule, tuanze pamoja, kiingilio bure.

"Kitakachovuta watu kinabaki. Kingine kinapisha. Hiyo ndiyo competition," akasema.

Alitegemea tutetemeke. Mimi nilitetemeka kweli, maana kupisha maana yake kupunguzwa kazi, na nikipunguzwa mama yangu kule Sola atajua kwamba mwanawe hajawahi kupima hata kilo moja ya pamba. Mama alikuwa anajisifu kijiji kizima kuhusu karani wake. Gitaa kwake lilikuwa uhuni.

Lakini Masunga alitabasamu mpaka nikamshangaa.

Kwa wasiojua Usukumani: ngoma zetu hushindana hivyo hivyo. Vyama viwili vya wachezaji, Wagika upande huu, Wagalu upande ule, uwanja mmoja, muda mmoja. Watu wanakimbilia penye utamu, na unayebaki na migongo ya watu umeshindwa. Kuna sharti moja zaidi, halina haja ya kutajwa kwa sababu kila mtu amezaliwa nalo: anayenyamaza kwanza kapigwa. Hata ukibaki na mbuzi wawili, wewe piga.

"Bosi, tumekubali. Ila tunacheza kwa sheria za hapa," Masunga akamwambia.

"Sheria ni moja tu. Watu."

Wakapeana mikono. Yule anadhani katuletea ubepari, sisi tunaona kaingia kwenye ngoma ya babu zetu bila kujijua.

Na ngoma bila dawa haijakamilika. Masunga, msharika mzuri tu wa kanisani, alikwenda kwa fundi mmoja huko Ipililo akarudi na kifurushi cha dawa ya mvuto. Tukakifukia chini ya mlingoti wa dishi. Mpiga tumba akauliza kama dawa inafanya kazi hadi Marekani. Masunga akasema fundi hakuulizwa hilo.

Jumamosi alasiri tulipiga pasha moto. Wakuu, hiyo alasiri! Bendi ilinoga, watu wakajaa, vumbi likapanda. Mpaka wapanga magunia walicheza. Nikajisemea hapa hatung'oki.

Katikati ya wimbo namwona mama. Kapanda lori la pamba kutoka Sola, kashika furushi la michembe, viazi vyetu vikavu, kanitolea macho na gitaa langu. Nikakosa nyuzi zote. Baadaye akaniuliza jambo moja tu.

"Ng'wanone, mizani iko wapi?"

Nikamwambia leo ni wikiendi. Akanyamaza. Usiombe mama wa Kisukuma akunyamazie.

Jumapili asubuhi jenereta likawashwa, tukaanza. Palijaa kuliko mnada wa ng'ombe. Wengine walitembea kutoka vijiji vya mbali. Misa ya kwanza ilibaki na masista na wagonjwa. Padri wa watu alikuwa ndani ya mashindano bila kuambiwa.

Na wote, nasema wote, walikuwa upande wa TV.

Tuliipigia ile migongo mpaka vidole vikauma. Masunga aliimba kwa Kiswahili, akaimba kwa Kisukuma, akaruka sarakasi za ngoma na umri wake ule. Hola. Mlinzi wa kiwanda alitusikiliza kidogo kwa huruma, naye akala kona.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mama yangu mzazi alikuwa mstari wa mbele kabisa. Kwenye TV.

Sauti yake niliisikia tukibadilisha wimbo, maana mama haongei taratibu.

"Wale vijana wamekosana nini? Mbona hawaamuliwi? Wazazi wao wako wapi?"

Watu wanacheka, yeye hacheki. Hizo zilikuwa ngumi za utangulizi tu. Mwekezaji kasimama kwenye kiti anatangazia umma kwamba pambano kubwa linakuja, raundi kumi na mbili, kaeni mkao wa kula.

Mabingwa wakapanda. Kengele ikalia. Mwenye kaptula nyekundu akarusha ngumi chache, mwenzake akalala chali. Akahesabiwa, hakuamka. Kwisha habari!

Raundi ya kwanza, wakuu. Kuna watu walikuwa wanawasha sigara, hawakuona kitu.

Uwanja ukapigwa na butwaa. Mtu akapaza sauti, "Rudisheni!" Mwekezaji akajieleza kwamba ni live, hairudi. Halafu wazungu wakaanza kuongea Kiingereza wamevaa tai, na kwa Bariadi hiyo ni sawa na kunyamaza.

Sisi hatukunyamaza.

Masunga akapiga ukelele ule wa ngoma, ule unaoanzia tumboni. Migongo ikageuka ikawa nyuso. Watu walitujia mbio, uzio wa Mwekezaji ukaenda chini, akina mama wanapiga vigelegele. Kila mtu anasema TV imenyamaza kwanza, TV imepigwa! Masunga akanong'ona, "Dawa imefika Marekani." Nilimwamini. Nilikuwa nalia na kupiga gitaa kwa pamoja, sina haya kusema.

Nikamtafuta mama nione kama ananiona. Alikuwa kabaki peke yake mbele ya TV, anamsubiri yule kijana aamke.

Jumatatu tukaitwa ofisini. Tumenyoosha mashati.

"Hongereni sana, mmeshinda," Mwekezaji akasema. "Lakini nimejifunza kitu. Watu walikuja kwa ajili ya TV, na ilipoisha walikasirika. Mtu halalamikii kitu asichokitaka. Nyie hakuna aliyewalalamikia."

Masunga akamwambia, "Bosi, tulipeana mikono."

"Ndiyo maana nimewapongeza."

Kumbe alikuwa amerekodi pambano kwenye deki. Kuanzia wiki ile akafunga turubai uwanjani, akaweka mabenchi na kiingilio, likaonyeshwa kila alasiri. Watu walilipa kumwona yule bwana akianguka, wanatoka, wanarudi kesho. Spika na amplifaya zetu zikahamishiwa kwenye TV ili ngumi zisikike vizuri.

Masunga alirudi Lalago kwenye ng'ombe zake na ngoma yake. Mimi nilibakizwa kwa sababu najua nyaya. Cheo kipya: mrudisha mkanda. Nyimbo zote nilizozijua, kazi ikawa ni kubonyeza rewind.

Somo nililopata ni dogo. Kabla hujaingia mashindanoni muulize mwenye uwanja, siyo nani anashindana, bali nani anatangaza matokeo. Kwenye ngoma ni watu. Kwenye soko huria ni mwenye jenereta, na atakupongeza kwa adabu zote.

Mama alikuja tena msimu wa pamba ulipoisha. Alikaa benchi la mbele, akamwangalia yule kijana anaanguka kwa mlio mkubwa kutoka kwenye spika zilizokuwa zangu.

"Kumbe bado hajaamka," akasema.

"Mayu, hiyo ni ya zamani. Aliamka siku ile ile."

Akageuka, akaniangalia pale nilipokaa kando ya deki, kidole kwenye kitufe.

"Na wewe je?"

Nikarudisha mkanda.

Haya, mliowahi kushinda halafu mkashangaa mmetoka mikono mitupu, tiririkeni hapa chini. Na kama kuna aliyekuwepo siku ile akiwasha sigara, ajitokeze nimsimulie alichokosa. Pambano zima nalijua kwa kichwa.