Duara ya Ndani

Asubuhi ya mwisho kabla alazwe hospitalini, marehemu mke wangu alikunywa chai akiwa amesimama, akafunga leso, tukapeleka majani mabichi ya chai kituoni kama kawaida. Mizani ya kituo hicho cha Roret inaning'inia, na ina duara mbili za namba. Ya nje ni kilo. Ya ndani, karani Gekara alimwambia zamani, ni nyutoni, ya kupima nguvu ya kuvuta, na namba zake ni kubwa karibu mara kumi. Tangu hapo, kabla ya kutundika gunia, ilikuwa lazima avute ndoano kwa mkono wa kulia, ule wenye vidole vyeusi vya kuchuna chai. Halafu awageukie wanaume kwa foleni. "Mia mbili! Nani atanipita?" Mimi nilijaribu mara moja tu.

Mwezi ule gauni lilikuwa linampwaya. Alisema ni fundi alishona vibaya. Siku hiyo alivuta, akavuta tena kwa mikono miwili. Mshale ukaenda kidogo, ukasimama.

"Mama, kilo tano tu?" Gekara akauliza.

Mke wangu akaangalia nyuma niliposimama, akadhani sisikii.

"Msomee mzee kwa nyutoni, Gekara. Hamsini itamtosha."