Siku Tuliyofundishwa Kusema

Fomu ya kuomba fedha za ubalozi ilikuwa na swali moja ambalo bado linanichoma: jamii yenu ina upungufu gani? Nilikuwa karani wa kikundi cha akina mama wanaochota maji kwenye mto wa mchanga, ule unaoficha maji chini ya mchanga wake, mwendo mfupi kutoka soko la Mbumbuni. Nikaandika kwamba wanawake wetu wanaogopa kuzungumza mbele ya viongozi.

Ulikuwa uongo. Mwaka uliotangulia niliwaona wanawake hao hao wakiketi mbele ya lori la mchanga, madumu yao ya maji mapajani, hadi dereva akarudi kinyumenyume mpaka barabarani. Shangazi yangu, mwenyekiti wao, alimpungia mkono na kumwambia, "Msalimie tajiri wako. Mwambie aje mwenyewe, tumkalie na yeye." Lakini niliambiwa kwamba wafadhili hawasaidii watu hodari. Nikawaandika waoga, na ombi likakubaliwa.

Shughuli ya kwanza ilikuwa mafunzo ya siku moja katika hoteli moja Emali: jinsi ya kutoa maoni katika vikao vya umma. Wiki tuliyopewa tarehe ya mafunzo, ilani ilibandikwa kwenye mlango wa chifu. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameomba kibali cha kuchota mchanga kwenye kona ya mto, palipo na visima vyetu. Maafisa wangekuja sokoni kusikiliza wenye pingamizi. Mchanga ukiondoka, maji yanaondoka nao. Huku kwetu mtoto mdogo anajua hilo.

Nililinganisha tarehe. Mafunzo na kikao vilikuwa Alhamisi ile ile.

Nikampigia afisa wa shirika la Nairobi lililosimamia fedha za ubalozi. "Dada, siku zimegongana. Tusogeze mafunzo."

"Karani, haiwezekani. Mgeni wa ubalozi anakuja siku hiyo, na mpango kazi umeshapitishwa. Hivyo vikao vya serikali kwani huwa vinafanyika? Vitaahirishwa tu."

Shangazi akapendekeza tugawanyike, nusu waende Emali, nusu wabaki. Nikapiga simu tena. Hapana, mkataba ulisema washiriki thelathini, na kikundi kina wanawake thelathini. Wangepungua, mradi ungesimama.

"Wewe ndiwe uliyesoma," shangazi akaniambia. "Twende au tubaki?"

Nilisema twende.

Hotelini tulipewa chai, kalamu na fulana. Kisha tukaigiza kikao cha umma. Mwalimu akawa afisa wa serikali, na shangazi akasimama kupinga. Alieleza kila kisima: nani alikichimba, kinanywesha ng'ombe wangapi, kiangazi kipi kilikishinda na kipi hakikukishinda. Mgeni wa ubalozi akatafsiriwa maneno hayo, akapiga makofi, akasema ameguswa sana. Sina shaka aliguswa. Hakuna aliyemwambia kwamba saa hiyo hiyo kikao chenyewe kilikuwa kinaendelea, bila hata mmoja wetu. Mimi pia sikumwambia. Nilikuwa nimeketi viti viwili kutoka kwake.

Mama muuza chai wa sokoni ndiye aliyenipa habari kesho yake. "Walimaliza kabla sufuria yangu haijachemka. Wapakiaji wa mchanga walijaa, wakanyoosha mikono, wakaenda. Afisa aliuliza mara mbili: akina mama wa mto wako wapi?" Akanitazama fulana. "Kumbe mlikuwa mnashona sare."

Nilikwenda kusoma kumbukumbu za kikao. Hakuna pingamizi lililotolewa, zilisema. Zilikuwa za kweli kuliko fomu yangu.

Malori yakaja na kibali. Safari hii wanawake walipoketi, askari waliwainua mmoja mmoja. Kiangazi kilipofika, kisima cha shangazi kilikuwa shimo la udongo mkavu ambamo mbuzi walishuka na kupanda bila kulowa kwato.

Afisa wa shirika akaja kukusanya simulizi za mafanikio. Alitaka picha ya shangazi akiwa ameshika cheti cha mafunzo.

"Mama, mafunzo yamekubadilishia nini?"

"Nilikuwa nachota hapo chini. Sasa nachota kwenye bomba la kanisa, mwendo wa saa nzima. Andika hiyo."

Afisa alitabasamu, na kalamu yake haikusogea. Akanigeukia na ripoti: karani atie sahihi kwamba lengo lilifikiwa. Chini palikuwa na nafasi ya maelezo mengine. Nikaandika humo kwamba siku ya mafunzo ndiyo iliyokuwa siku ya kikao, kwamba tulisema mapema, na kwamba wanawake hawa hawajawahi kuogopa kuzungumza. Mimi ndiye niliyewasingizia.

Aliisoma, akafungua mkoba. "Hii imeharibika, karani. Nina nyingine safi. Tia sahihi tu."

Nilimwambia sitatia, na kwamba iliyoharibika ndiyo aipeleke ubalozini. Akasema bila sahihi hakutakuwa na awamu ya pili ya mradi. Nikageuka kumtazama shangazi, kwa sababu safari hii nilitaka yeye aamue.

Hakuwapo. Cheti kilikuwa juu ya kiti, na yeye alikuwa tayari njiani na dumu lake, kwa maana foleni ya kanisani haimngojei mtu.

Sikutia sahihi.