Mkono Mfupi, Gia Kubwa

Sipendi harufu ya samaki aliyeoza, na sipendi mtu anayelazimisha vitu visivyooana. Siku ya hitma ya marehemu mume wangu vyote viwili vililetwa mlangoni kwangu.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ni muuza samaki. Huwanunua Kilwa Kivinje, akawapakia kwenye tenga nyuma ya baiskeli na kuwapandisha huku kwetu, bara ya Tingi. Baiskeli yake ni ya mtumba, ya gia. Kilima cha kwetu kilikuwa kinamshinda, anashuka anasukuma, watani wanamcheka. Basi akabadili gia za nyuma, ule mrundo wa meno vijana wanaouita kaseti. Akafunga mwingine, gia yake kubwa pana kama sahani. Lakini ule mkono wa gia, kile kichuma kinachoning'inia nyuma na kuusogeza mnyororo, akauacha ule ule wa zamani, mfupi.

"Fundi kasema mkono utakubali tu," akamwambia mkewe.

Utakubali tu! Neno hilo linanitia kinyaa mpaka leo.

Aliiegemeza baiskeli ukutani mwa jiko langu, akaenda kuswali. Nikanyanyua gurudumu, nikazungusha pedeli kwa mkono huku nabadilisha gia. Shule sikukaa, lakini macho ninayo. Kwenye gia ndogo mnyororo ulilegea kama kamba ya kuanikia nguo. Kwenye ile kubwa ukakaza, ukauvuta mkono wote mbele, na kigurudumu chake cha juu kikawa kinasagana na meno, krr, krr.

Sasa, kwetu mama mkwe hamkemei mkwewe. Akinisalimu husimama mbali na uso ameinamisha. Neno lolote lazima lipitie kwa binti. Nikamwita binti.

"Mwambie mumeo arudishe gia za zamani, au atafute mkono mrefu. Huu utakatika."

"Nitamwambia, mama."

Nikamsikia uani: "Mama anasema baiskeli imependeza, ila uende taratibu."

Imependeza! Nikatema mate.

Siku ya hitma ikafika. Marehemu alipenda samaki aina ya changu, na mkwe alikuwa ameahidi kuwaleta. Nilitaka watu wamsomee, kisha wale kitoweo alichokipenda. Wali ukaiva, kisomo kikaisha, watu wakanawa mikono, wakakaa mikekani. Samaki hakuna.

Alitokea jua limeshapinduka, anaiburuta baiskeli, gurudumu la nyuma halizunguki. Alipoweka ile gia kubwa kilimani, mkono ulivutwa, ukaingia kwenye spoku, ukakatika. Akakaa juani kuunasua, tenga likiwa pale pale. Sasa lilikuwa linadondosha maji meusi, na nzi wamelifuata njia nzima. Nikafunua majani. Matumbo yamepasuka, macho yamezama.

"Mtani," jirani mmoja akamwambia, "hiki kitoweo au mbolea?"

Watu wakacheka. Mkwe naye akacheka, kisha akamgeukia mkewe: "Mwambie mama ni bahati mbaya tu."

Nami nimesimama hapo hapo!

"Usimtume mtu," nikasema. "Ninakusikia. Hii si bahati mbaya. Mkono mfupi umeubebesha gia isiyo yake, na nilisema kabla."

Kicheko kikakatika. Binti akajifunika uso kwa khanga. Mkwe akainama, akalibeba tenga mpaka nyuma ya migomba, akachimba shimo. Wageni wakala wali kwa maharage, na harufu ile ikakaa nao mkekani.

Baadaye alitafuta mkono mwingine, akarudisha kaseti ya zamani. Anasukuma kilimani, watani wanamcheka, samaki wanafika wazima.

"Shikamoo, mama," hunisalimu kwa mbali.

"Marahaba," humjibu, nikiliangalia gurudumu la nyuma kabla ya kumwangalia yeye.