Siku Niliposema Nimesomea Udongo

Nawaomba mcheke mapema mmalize, maana aibu hii nimejaribu kuificha, lakini wakwe zangu hawanisaidii hata kidogo. Nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo ya ziwa, Uganda, na shahada ya kilimo, msomi mzima, suti ya kijivu na tai, na mama yangu pale Ushirombo alipowaambia majirani kwamba mwanawe amekaa shule miaka yote ile kusomea kulima, walimpa pole. (Mmoja alimletea na kuku, kama penye msiba.)

Mimi nilikuwa na mchumba, Suzana, binti wa Mzee Masanja wa Nyarugusu. Siku ya kwenda kujitambulisha nilifuatana na mjomba wangu, naye tulipofika uani akaninong'oneza, "Hapa neno bwana shamba usilitamke. Mabwana shamba walishampeleka mzee barazani kumshitaki kwa kukataa kulima matuta ya lazima, na ng'ombe wake wakapunguzwa kwa nguvu." Na kazi iliyokuwa ikinisubiri Shinyanga ndiyo hiyohiyo, kuwafuata watu wazima mashambani na kuwauliza matuta yao yako wapi. Hayo ndiyo matunda ya elimu ya juu!

Basi mzee akauliza, "Mwanangu, huko umesomea nini?"

Nami, kwa busara zangu zote za chuoni, nikajibu, "Udongo, baba."

Si uongo, udongo tuliusoma. Lakini Nyarugusu, ambako kila mtu anachimba au ana shemeji anayechimba, ukisema udongo umesema dhahabu. Mzee aliruka kwenye kiti. "Mama Suzana! Mkwe anajua dhahabu ilipo!" Ningeweza kukanusha palepale. Badala yake nikatabasamu kisomi, na kabla ugali haujaiva wachimbaji walishajaa uani na sururu zao, wananiamkia shikamoo, watu wa umri wa baba yangu!

Tukaenda shambani. Nikainama, nikachota udongo, nikanusa, hata nikaonja (Mungu anisamehe), kisha nikaonyesha kona yenye pamba dhaifu ili hasara iwe ndogo. Nilisahau kwamba mchimbaji akisikia dhahabu haheshimu kona. Walianzia hapo wakaelekea katikati, pamba inang'oka, matuta yanabomoka, mzee anashangilia, mjomba anatazama mawingu.

Ndipo akatokea bwana shamba msaidizi wa eneo lile, juu ya baiskeli.

"Nani amevunja matuta haya?" akafoka, kisha akaniona, uso ukamchanua. "Ah, bwana mkubwa! Si tulionana ofisini Shinyanga? Kumbe umeshaanza kazi!"

Sururu zote zikatulia.

"Bwana mkubwa wa nini?" mzee akauliza polepole.

"Bwana shamba mpya, mzee. Mkubwa wetu sote."

"Huyu si amesomea udongo?"

"Ndiyo. Wa kulimia."

Wachimbaji walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Yule msaidizi, mtiifu kupita kiasi, akanigeukia: "Sasa bwana, sheria inasema mwenye shamba ashitakiwe. Nimwandike?" Hiyo ndiyo amri ya kwanza niliyoombwa kutoa maishani mwangu: kumshitaki baba mkwe mbele ya binti yake.

"Usimwandike," nikasema. "Kosa ni langu. Nitayarudisha mwenyewe."

Nikavua koti, nikapewa jembe, nikafukia mashimo na kuinua matuta mpaka viganja vikachubuka, huku Mzee Masanja ameletewa kigoda, anasimamia. "Tuta hilo limepinda, bwana mkubwa." Suzana akaniletea maji, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama alijua kazi yako tangu zamani. Tulikuwa tunatafuta namna ya kumwambia baba taratibu. Ahsante kwa kuturahisishia."

Nilimwoa, ndiyo, ila mjomba alirudi kule mara nyingi kuomba radhi, na kila mvua zikinyesha mzee hunitumia salamu kwamba shamba lake linahitaji mtaalamu. Tangu siku ile mtu akiniuliza nilisomea nini, najibu kilimo, kwa sauti kubwa, na nikiona macho yake yameanza kung'aa, naongeza: jembe, ndugu yangu, jembe.