Nilinunua kalamu fupi ya wino ya bei chee, ikanipeleka Nkololo kujieleza kwa mdomo

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Huu uzi ni review ya kalamu, ila kalamu yenyewe imenifikisha mbali, hivyo mnivumilie. Sijaongeza chumvi. Anayenifahamu hapa Bariadi akisoma atajua tu ni mimi. Sawa, ajue.

Kwanza tabia yangu. Mimi situlii.

Nikikaa kwenye kiti, goti linacheza. Nikishika kalamu ya kubonyeza, nitabonyeza ta-ta-ta-ta mpaka watu wahame meza. Ofisini kwetu kuna dada mmoja mpole kabisa, siku moja alinyanyuka, akaninyang'anya kalamu, akaitupa nje ya dirisha, akarudi kuendelea na ripoti yake.

Nikaona hapa nahitaji kalamu isiyobonyezwa.

Kuzunguka mtandaoni nikakutana na fountain pen fupi, ya Kichina, bei ya kutupa. Ikiwa imefungwa inalingana na kidole cha kati. Ukitaka kuandika unachomoa kifuniko, unakichomeka nyuma, inakuwa kalamu kamili. Nikaagiza.

Wakuu, inaandika!

Nibu nyembamba, inateleza yenyewe, huhitaji kukandamiza. Mwandiko wangu ambao mwalimu wa darasa la pili aliuita miguu ya kuku ukaanza kufanana na wa mtu mwenye nidhamu. Nikawa naandika hata vitu visivyohitaji kuandikwa.

Mabaya yake nayo yapo. Katriji ni ndogo, wino unaisha kabla hujaizoea. Karatasi za fotokopi za ofisini zinaunyonya, herufi zinaota manyoya. Na joto la huku, ukiiacha wazi ukapokea simu, ukirudi nibu imekauka, unaanza kuilamba kama mtoto. Ukipanda nayo bodaboda kwenye barabara ya mashimo, inatapika.

Ubaya mmoja sikuujua. Huo ndio uzi wenyewe.

Mimi ni mtumishi, kwetu Lushoto, nililetwa huku na ajira. Huku nikakutana na Kabula, mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini. Wazazi wake wako Nkololo, wanalima pamba na wana ng'ombe. Sitaki kuwachosha na mapenzi, jueni tu kwamba mtu nisiyetulia popote, nikiwa na huyu binti goti lilikuwa linakaa kimya.

Tatizo lilikuwa baba yake.

Mzee hakuwa na shida na kabila wala dini. Shida yake ilikuwa watumishi wa kuja. Alishaona mtaani kwao mtumishi anaoa au anaahidi kuoa, barua ya uhamisho inakuja, jamaa anapanda basi, binti anabaki na ahadi. Kabula aliniambia wazi, "Baba akikataa, mimi sitamvuka. Kwa hiyo andika vizuri."

Andika vizuri! Mnaona nilivyoingia mwenyewe?

Maana kwa kuongea mimi ni bure. Nikiwa na wasiwasi narukaruka, sentensi siimalizi. Nikasema barua ya posa ndiyo itakayoniokoa, na hiyo kalamu ndiyo itakayoiandika. Nikanunua karatasi nzuri, nikaandika, nikachana, nikaandika tena. Nilieleza ukoo wetu, kazi yangu, na sehemu ile muhimu: kwamba nikihamishwa, siondoki bila Kabula, na kwamba kila likizo kwao ndiko nyumbani. Nikafunga bahasha kwa gundi.

Mshenga wangu alikuwa Mzee Masanja, dereva wa zamani wa ofisini kwetu, Msukuma wa hapa hapa. Kwa taratibu mshenga hafungui barua, anaifikisha tu ikiwa imefungwa. Akaitia mfuko wa shati, akapanda bodaboda, akaenda zake.

Mimi nikabaki nyumbani, maana muoaji haendi siku hiyo.

Wakuu, nilizunguka. Nilifagia uwanja uliokuwa umefagiwa. Nilikwenda dukani kununua kiberiti, nikarudi, nikakuta nina viberiti vinne. Nikatazama upande wa Nkololo, nikaona wingu jeusi limeinama kule kule. Nikajisemea mvua ni heri. Mjinga mimi.

Simu ikaita.

"Mwanangu," Mzee Masanja alisema taratibu, "barua imekunywa maji."

"Imekunywaje?"

"Mvua imetupiga njiani. Mimi nimelowa, bahasha imelowa. Nikajua itakauka tu. Sasa baba mdogo wa Kabula ameifungua mbele ya watu wote ili aisome, na hakuna kitu. Ni bluu tupu."

Nikakaa chini. Kumbe wino wa hizi kalamu ni wa maji, ukiguswa na maji unaondoka! Peni ya kawaida ingebaki. Yaani ile ya kubonyeza iliyotupwa dirishani ingeniposea mke.

"Wamesemaje?"

"Mzee kasema, maneno ya mtumishi yameondoka na mvua ya kwanza."

Hiyo sentensi ilinichoma, sitawaficha. Nilitaka kulia.

"Sasa wanataka uje mwenyewe useme ulichoandika. Sasa hivi."

Nikachukua bodaboda. Mvua ilikuwa imekata, njia ni tope tupu, tunateleza, tunashuka, tunasukuma. Nilifika nimechafuka mpaka magotini. Wazee wamekaa, akina mama upande wao, na barua yangu imetandikwa juu ya stuli ikaushwe, bluu kama shati la mwanafunzi.

"Mwadila," nikasalimia, Kisukuma changu chote kikaishia hapo.

Shangazi yake Kabula akaniangalia kifuani, akashika mdomo. Nikainamisha macho. Kalamu ilikuwa imetapika mfukoni. Shati jeupe, doa la bluu kubwa kama sahani, na vidole vyangu navyo bluu.

"Mayu wee!" akapiga kelele. "Kumbe na mwenyewe amenyeshewa!"

Akina mama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mzee hakucheka.

"Uliandika nini?" akaniuliza.

Nikaanza na ukoo, nikaruka kwenye kazi, nikarudi kwenye ukoo. Nikasikia najichanganya. Nikaacha yote, nikasema, "Baba, niliandika kwamba nikihamishwa, naenda na Kabula au siendi."

"Hilo uliliandika kwa wino huu?"

"Ndiyo, baba."

Akatazama karatasi, akanitazama mimi. Kisha akanyanyuka, akachukua fimbo yake. "Kaa hapo. Mimi nakwenda kutazama ng'ombe."

Akaondoka. Na wale wazee wengine wakaondoka mmoja mmoja, hata Mzee Masanja akaitwa kwenda kula. Nikabaki peke yangu kwenye kigoda, bila simu maana chaji ilikuwa imekata, bila kalamu ya kubonyeza.

Wakuu, nimefanya mitihani migumu, ila ule wa kukaa kwenye kigoda sijawahi kuona. Goti likaanza. Nikalikamata kwa mkono, suruali nayo ikawa bluu. Nikatamani kunyanyuka nizunguke nyumba hata mara moja tu. Nikajiambia, ukinyanyuka hapa, umehama.

Mama yake Kabula akaniletea michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na maziwa. Akaniwekea, akasema kwa sauti ndogo, "Kaa tu, ng'wanone," yaani mwanangu.

Nikakaa.

Jua likashuka, ng'ombe wakarudi, wakapita mbele yangu wakininusa. Mzee akaja nyuma yao. Akasimama.

"Bado upo?"

"Nipo, baba."

"Haya. Nenda nyumbani, tutakujibu."

Hakuna kingine. Nilirudi Bariadi sijui nimepita au nimefeli, na zile siku za kusubiri jibu sitaki hata kuzikumbuka. Yule dada wa ofisini alininunulia kalamu ya kubonyeza kwa huruma.

Jibu likaja kwa mkono wa Mzee Masanja. Limefungwa kwenye nailoni, juu yake nailoni nyingine, limezungushiwa mpira wa manati. Nilizichana nailoni zote mbili kwa meno. Limeandikwa kwa peni ya kawaida, mwandiko wa baba mdogo, mistari mitatu:

"Posa tumeipokea. Wazee wenu waje tuzungumze. Kijana tumemwona akikaa."

Nilizunguka uwanja mzima, safari hii kwa furaha.

Kwa hiyo review yangu ni hii: kwa daftari lako mwenyewe, nunua, ni nzuri na ni bei chee. Kwa barua ya posa, masika, huku kwetu, tumia peni ya kawaida, na weka nailoni. Na kama una kitu cha kumwambia mzee wa mtu, jiandae kukisema huku umekaa.

Kama kuna anayejua wino wa fountain pen usioondoka na maji, atupie hapa chini unapatikana wapi. Kuna hati ya ndoa ya kusaini hivi karibuni, na baba mkwe ameshaniambia atakuja na kikombe cha maji aijaribu.