Jina la Jirani Aliyefunua Sufuria Yangu

Nilipohamishiwa Ipinda, wilayani Kyela, kufundisha Kiingereza, mama jirani aliingia jikoni kwangu bila hodi, akafunua sufuria, akaonja wali, akapunguza moto. Nikamwambia ni mdaku.

"Mdaku huchungulia dirishani, mwalimu," akasema. "Mimi nimepita mlangoni."

"Basi una kiherehere."

"Kiherehere ni kumsaidia mtu anayejua. Wewe mchele wa Kyela unaumwagia maji kama unafua nguo."

Damu ikanichemka. Nikamwita mfidhuli. Hapo akatoka, akaita majirani wanne waje waamue jina lipi linamfaa. Nilidhani wangeona aibu. Wakaomba sahani, eti kesi ya sufuria haihukumiwi bila kuonja. Mmoja akasema ufidhuli lazima uwe na dharau. Mwingine akasema mdaku lazima apeleke maneno kwingine, na huyu bado yupo, anakula. Kila hoja iliteremka na tonge.

Ukoko ulipokwisha wakanawa, wakanishukuru, "Ndaga fijo, mwalimu," wakasema jina la jirani yangu bado halijapatikana. La kwangu walilipata bila kubishana: mchoyo, maana nilikuwa nimepika wali wa mtu mmoja.